Nondo Iliyosema Imeshika

"Nimeshika," ilisema nondo kutoka ndani ya tofali la zege. "Nimeshika. Nimeshika."

Na wakati inasema hivyo ilikuwa inatoka. Niliiona kwa macho yangu haya, milimita tatu, kisha tano, kisha nikaacha kuhesabu, maana mshale wa jeki ninayovutia ulikuwa umerudi nyuma wenyewe kama mtu aliyechoka kubishana. Ilitakiwa ikae mpaka tani tisa. Hii iliachia kwenye tani nne na nusu. Nikaendelea kupiga mpini polepole mpaka nondo ikachomoza urefu wa kiganja, haina ubishi wowote. Nikakibandika tena kisemeo kwenye ncha yake, kidude kidogo kama kiberiti, nikakiinamia kwa sikio langu lililo zima. Sauti ileile ya mwanamke asiye na haraka.

"Nimeshika. Asilimia tisini na saba."

Nikakaa juu ya ndoo nikawaza nani amenichezea.

Kazi yangu pale Jukwaa la Nane ilikuwa kuvuta. Siku hizi nondo zinajisemea zenyewe, unapita na kisemeo nguzo kwa nguzo, zinakujibu, unaandika, unakwenda kula. Lakini kuna sheria moja ya zamani haikufutwa, sijui walisahau: kila zege linapomwagwa litengenezwe tofali moja la mfano lenye kipande cha nondo kilichochomoza, na siku ya ishirini na nane mtu alivute kwa mkono wake. Mtu huyo nilikuwa mimi. Wenyewe waliniita Mzee Mvutaji, wengine Mzee Chande, na wote waliniona kama saa ya ukutani iliyokwisha betri. Nilikuwa nimevuta mia nne na kumi na moja kabla ya hiyo. Zote zilikaa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi kaya mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zipande juu. Walikuwa kwenye mahema juu ya tuta, na toka jukwaani uliwaona wameshaanza kufunga vitanda kwa kamba. Mto Rufiji ulikuwa umekwisha kula mashamba yao na misikiti miwili, na ving'ora vya huko juu vilishasema: siku tisa, maji makubwa. Jukwaa lilikuwa na nguzo tisini na sita, urefu wa minazi, na juu yake sakafu pana kama viwanja vinne vya mpira. Ilikuwa hapo au majini.

Nikalibeba tofali langu kwenye toroli, na nondo yake inaning'inia inasema imeshika, nikaenda kwa injinia.

*

Injinia Rweyongeza ni kijana wa Bukoba, mrefu, anayeongea kama anasoma. Ofisi yake ilikuwa kontena, na nyuma ya ofisi kontena jingine lenye kufuli, alikoweka nondo za kutengenezea mifano. Yeye ndiye aliyesimamia Jukwaa la Nane tangu nguzo ya kwanza, na saini iliyobaki kabla watu hawajapanda ilikuwa yake.

"Umevuta vibaya, mzee wangu," alisema hata kabla sijalishusha.

"Mia nne na kumi na moja nilivuta vizuri. Hii moja ndiyo nimesahau kuvuta?"

Hakucheka. Akainama, akapitisha kidole kwenye ile sehemu ya nondo iliyotoka ndani ya zege. Akakinusa kidole. Akanitazama.

"Inanuka karafuu."

"Hiyo ni mikono yangu."

Ilikuwa kweli. Nondo za siku hizi zimevikwa ngozi, na ngozi hiyo inawasha kama upupu. Ukiibeba siku nzima bila kitu, usiku hulali, unajikuna mpaka damu. Mimi hujipaka mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu, mwaka wa kumi na moja huo, na pua yangu imeshazoea, haisikii tena harufu hiyo popote.

"Mikono yako imeshika ncha ya nje," alisema. "Hii harufu iko upande uliokuwa ndani ya zege."

Nikakinusa kidole chake, sikusikia kitu.

"Nani alitengeneza mfano huu?"

"Mimi. Zege nililimwaga mimi. Nondo za kontena lako zilikuwa zimekwisha siku ile, nikaomba kipande kwa wabebaji, kina Bi Sijaona, kwenye rundo la jukwaani."

"Ukakishika."

"Nilikishika. Ningekibebaje, kwa meno?"

"Kwa mafuta yako."

Nilijaribu kukumbuka kama siku ile niliishika nondo katikati au mwisho. Sikukumbuka. Mwezi mzima umepita, mtu wa umri wangu hakumbuki hata alichokula asubuhi. Nikaona macho yake yanavyonipima, na mimi nikampima. Nikasema lililokuwa linanisumbua tangu nilipokaa kwenye ndoo.

"Na mimi nikuulize. Nimevuta nondo mia nne na kumi na moja za kontena lako lenye kufuli, zote zimepita. Moja tu ya jukwaani, imetoka. Zile za kontena ni nondo gani?"

"Ni zilezile. Fungu moja, gari moja."

"Alizigusa nani?"

"Mimi peke yangu. Kwa koleo, na glovu safi, kama kitabu kinavyotaka." Alisimama, kichwa karibu na bati. "Unasema nawaonyesha watu mfano mzuri halafu najengea mbaya?"

"Nasema sijawahi kuvuta kilichojengewa."

Basi tukawa tunatazamana hivyo, na tofali katikati yetu juu ya meza, linasema limeshika.

Hapa nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Nondo tupu hushika zege kwa njia tatu. Kwanza saruji inanata kwenye chuma, kama ugali unavyokaukia kwenye sufuria. Pili, chuma kinakwaruza. Kina ukavu wake, hakitelezi upesi. Tatu ni yale matuta ya ubavuni, sisi tunayaita meno, yanauma zege. Sasa ukiipaka nondo rangi ili chumvi isiile, ile ya kwanza umeiua na ya pili umeipunguza. Yanabaki meno, na rangi ikiwa nene hata meno yanazama, kama ya mtu aliyetafuna halua. Ndiyo maana zamani nondo za rangi tuliziunga kwa urefu. Pale moja inapoishia na nyingine kuanza, unazilaza pamoja karibu mita nzima, ili upungufu wa mshiko ulipwe na urefu.

Ngozi ilikuja kumaliza shida hiyo. Ni ya kijani, laini, na ina uhai wa namna yake. Ikikutana na zege bichi, lile joto na ukali wa saruji, inaotesha vinyweleo, vinapenya kwenye zege na kukauka nalo. Chumvi haipiti na mshiko unarudi kuliko hata wa chuma tupu. Tena inajisemea. Kwa furaha hiyo wakakata maungio. Palipotakiwa mita wakaweka sentimita arobaini. Chuma kilikuwa adimu, na wote tulipiga makofi, na mimi nimo.

Kwa hiyo vinyweleo visipoota, una maungio ya sentimita arobaini yanayoning'inia kwa meno tu.

"Tukavunje," alisema injinia. "Nguzo utakayochagua wewe, nitavunja mimi. Wewe utasimama kwenye tenki la maji, mikono mfukoni."

"Na wewe mikono uioshe kwanza."

Akaiosha, kwa sabuni, mbele yangu. Sikuwahi kumwamini mtu hivyo na kumshuku hivyo kwa wakati mmoja.

*

Nilichagua nguzo ya kumi na nne kwa sababu sikuwa na sababu. Nikasimama kwenye tenki, hatua ishirini, mikono mfukoni kama mwizi aliyekamatwa. Wabebaji wa nondo, kina mama kumi na wanane, walikuwa wanapumzika kivulini chini ya sakafu. Injinia akaanza kugonga patasi palipo na maungio, kimo cha kifua.

Hajui patasi. Anaigonga kama anabisha hodi kwa mkwe.

"Injinia, unaikuna mgongo?" aliuliza mmoja.

"Mwacheni, anaiamsha kwa adabu," alijibu Bi Sijaona, mkubwa wao, mama mwenye mabega mapana na sauti ya kutosha jukwaa zima. "Mzee Chande, na wewe leo umewekwa kona? Umeiba nini?"

"Ndiyo kinatafutwa," nikasema.

Wakacheka. Injinia akajigonga kidole gumba, wakacheka zaidi. Kisha pande la zege likaachia, kubwa kama sahani ya pilau, likaanguka chali miguuni pake, na akaacha kugonga. Akachuchumaa kulitazama.

"Mzee," aliita. "Njoo. Lete na mikono."

Pande la zege lilikuwa na chapa ya nondo, mfereji wenye alama za meno. Mahali ngozi iliposhika, zege lilikuwa na manyoya ya kijivu, kama mkate uliolala na ukungu. Vinyweleo vimekatikia humo. Huo ndio mshiko wenyewe, nimeuona mara nyingi. Lakini katikati ya manyoya kulikuwa na mistari yenye upara, imelala sambamba, inang'aa kama ndani ya bakuli la kauri. Minne mirefu, na mmoja mfupi upande wa pili. Inateremka na nondo, inapinda kidogo, inaendelea. Na kadiri ilivyokaribia mwisho wa nondo ilizidi kuwa minene, mpaka kwenye ncha hapakuwa na unyweleo hata mmoja.

Nikaweka vidole vyangu juu ya ile mistari minne. Vyangu vilikuwa vinene kuliko vilivyopita hapo. Lakini vilikaa.

Ulikuwa mkono wa mtu. Mtu aliyekanda nondo, kutoka juu kwenda chini, kama anavyokandwa mguu wa mtoto.

Injinia akabandika kisemeo chake.

"Nimeshika. Asilimia tisini na tisa."

"Haipimi mshiko," alisema polepole, anajisemea. "Inapima kubanwa. Ngozi inahisi zege limeibana pande zote, inasema imeshika. Kiwandani waliijaribu na nondo safi, na nondo safi ikibanwa huwa imeshaotesha vinyweleo. Yalikuwa mambo mawili, wao wakaona moja." Akavua kofia. "Haisemi uongo, mzee. Inasema inachokijua."

Mimi nilikuwa namtafuta adui. Nakwambia ukweli, nilimtaka sana. Mtu aliyelipwa amwage dizeli kwenye nondo, au kiwanda kilichopunguza dawa, au huyu kijana na kufuli lake. Nikageuka kuwatazama kina mama pale kivulini, kumi na wanane, kila mmoja na chupa yake ndogo ya mafuta kando ya kanga.

Hakuna aliyezificha.

*

Mchana huo nilikwenda peke yangu. Nilimwambia injinia aniache, wakinyamaza kwake hawatanyamaza kwangu. Hilo nalo lilimtia shaka, niliona, lakini aliniacha.

Bi Sijaona alikuwa kwenye rundo la nondo za Jukwaa la Tisa, juani. Ukiwa karibu na rundo la nondo za ngozi juani, unasikia vilio vyao bila kisemeo, ving'ora vidogovidogo kama vya vifaranga. Maana yake ni moja: nakauka. Zinalia zaidi kwenye ncha, pale zilipokatwa, kwa sababu ngozi imejeruhiwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mafuta yako unayapakaje, Bi Sijaona?"

Aliniangalia kama nimemuuliza anavyovaa kanga. Akamimina kiganjani, akasugua viganja, akashika nondo iliyokuwa inalia, akateremsha mkono mpaka kwenye ncha. Kwenye ncha akaongeza tone, akakanda kwa kidole gumba, taratibu, pande zote. Kilio kikakatika.

"Unaona? Inalala."

Ilikuwa kweli. Inalala. Ndiyo sababu kila mtu aliamini.

"Nani kawaambia muipake?"

"Wakubwa wenyewe. Siku ya kwanza walitusomea kitabu: nondo hii ibebwe kama mtoto mchanga. Isikwaruzwe, isitupwe, isiachwe ikalia. Basi mtoto mchanga akilia ngozi imemkauka, kwenu anafanywaje? Anapakwa mafuta." Akafunga chupa. "Glovu walizoleta ni za wanaume wenye mikono kama majembe, zinashika mchanga, mchanga unakwaruza ngozi, ikikwaruzwa inapiga kelele, unaandikwa wewe. Mafuta yameponya vyote. Mkono hauwashi, nondo hailii, nyapara hafoki."

"Kitabu hakisemi mafuta."

"Kitabu hakikatazi. Tulisomewa chote."

Hilo lilikuwa kweli pia. Aliyeandika kitabu hakuwahi kulea mtoto Pwani.

"Lakini akili ya mafuta si ya hapa," aliendelea, sasa ameketi, amepata mtu wa kumsimulia. "Ilitoka Pangani. Shangazi yangu Mwanaidi alibeba nondo kule, jukwaa lao la kwanza. Palikuwa na mfunga nondo mmoja, mpitaji tu, alikaa miezi miwili akaondoka bila kuaga. Yeye ndiye alianza. Chupa moja ya nazi, karafuu punje saba, unaianika juani siku tatu. Shangazi akatufundisha sisi, sisi tukawafundisha wa Mafia, wa Mafia sijui wamewafundisha akina nani. Tunayaita mafuta ya mpitaji." Akacheka. "Wewe si unayo hayohayo? Nilidhani umejifunza kwetu."

Nilikaa chini.

Punje saba. Nilikuwa Pangani, miaka kumi na moja nyuma, kibanda cha mabati, mikono imevimba kama mihogo. Nondo zilikuwa zinalia nje usiku kucha, nazimwagia maji na maji yanakauka. Nikachukua mafuta ya nazi ya kupakia nywele. Mama yangu alikuwa akitia karafuu kwenye jino linalouma, nikafikiri karafuu itatuliza na mkono. Nikatafuta mfukoni. Zilikuwa saba. Zingekuwa tano, leo wangekuwa wanatia tano.

Asubuhi yake nondo zangu zilikuwa kimya, za wenzangu zinalia. Wakaniuliza. Nikawaonyesha. Nilijiona mtu mwenye msaada.

"Babu, vipi? Jua?"

"Shangazi yako yuko wapi sasa?"

"Si kulekule Pangani. Walimpa nyumba juu ya jukwaa, yeye na wajukuu wanne, kwa sababu alilijenga. Anasema upepo wa kule hata shuka huhitaji kufua, linajipepeta."

Nondo nyingine ikaanza kulia. Akanyoosha mkono kuichukua chupa, na nikauweka mkono wangu juu ya wake.

"Usiipake," nikasema. "Ngoja nikwambie kitu, na usinikatize."

Nilimwambia chote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye punje saba, aliitazama mikono yangu, kisha yake, kisha akaipangusa kwenye kanga, upande mmoja na mwingine, akaendelea kuipangusa.

"Umetuweka wapi, babu?" alisema mwisho.

Nikamwambia waanze kuziosha zilizobaki kwa majivu na sabuni, nikaenda kwa injinia.

*

Saa kumi nilimkuta injinia amechora meza nzima. Alikuwa amepiga hesabu, na alikuwa mtulivu, na utulivu wake haukunipendeza.

"Jukwaa la Nane linaokoka," alisema kabla sijafungua mdomo. "Meno yapo. Meno peke yake yanabeba kama nusu. Tukisimamisha magogo chini ya kila boriti, siku tatu na watu wa kutosha tunamaliza, watu watapanda. Bila ng'ombe, bila mashine za kusaga, bila matenki. Likipita furiko tutalifunga kwa chuma cha nje, polepole."

"Vizuri."

"Inabaki taarifa." Akageuza karatasi kunielekea. "Nimeandika ngozi ya fungu hili ina kasoro ya kutoota. Fungu namba fulani. Kiwanda kitabisha mwaka mzima, watume watu, wapime, mpaka hapo sisi tumeshamaliza. Kina Bi Sijaona hawaguswi. Mimi siulizwi kwa nini sikuwahi kuwatazama wanavyobeba." Akasita. "Na wewe hutajwi. Nimejua ni wewe, mzee. Nimesoma fomu yako ya kazi. Pangani ndiyo ya kwanza, ngozi ilipoanza kutumika, na karafuu unayo wewe."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoweka vidole kwenye ile mistari. Ulikuwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utaondoka. Si ndiyo kawaida yako?"

Alisema bila ubaya. Nadhani alidhani ananipa zawadi, na labda na yeye alikuwa anajipa. Niliitazama ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Kwa karatasi hiyo watu wa kiwanda wangetafuta namba ya fungu, wangepata gari moja la nondo, jukwaa moja, nguzo tisini na sita. Wangekuja na visemeo. Na kwingine kote, kwenye mafungu mengine, nondo zingeendelea kusema zimeshika, na hakuna mtu angekuwa na sababu ya kupiga patasi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwenyekiti Ngakonda, mkubwa wa watu wa kwenye tuta, mzee mwembamba mwenye buti za mpira zisizolingana rangi. Nyuma yake aliingia Bi Sijaona. Hakualikwa. Alisimama kando ya mlango, mikono ameikunja kifuani, viganja vimefichwa kwapani.

"Sina maneno mengi," alisema Ngakonda. "Watu wamefunga vitanda. Nimesikia mmevunja nguzo. Mimi si fundi, nataka neno moja niwapelekee. Linashika au halishiki?"

Injinia aliniangalia. Alikuwa ameweka kalamu juu ya ile karatasi, hajaisaini.

"Lina kasoro ya kiwandani," alianza, "lakini tumeshapata..."

"Shangazi yangu analala juu ya lile la Pangani," alisema Bi Sijaona. Hakumwambia injinia. Aliniambia mimi. "Na watoto wanne."

"Najua," nikasema.

"Basi sema. Na sisi tutaje. Tulipaka kwa mikono yetu, hatukuiba kitu."

"Watawafukuza," injinia alimwambia. "Mama, unaelewa? Wataandika kwamba wabebaji ndio walioharibu, na hakuna jukwaa litakalowachukua tena."

"Watafute basi wa kubeba."

Ngakonda alikuwa anageuza shingo kwetu mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia katikati ya ugomvi wa ndani ya nyumba. Nikavuta ndoo, nikakaa mbele yake.

"Linashika nusu, mwenyekiti. Mtapanda, ila ng'ombe na mashine vibaki, na kila mwenye nguvu aje leo kubeba magogo. Hilo ndilo la kwako, limekwisha. Sasa kuna la pili, na hilo ni la kwangu. Nondo zilipakwa mafuta. Nondo iliyopakwa mafuta haishiki na haijui kama haishiki. Mafuta hayo niliyaanzisha mimi, miaka kumi na moja iliyopita, na kila nilikofanya kazi nimeyaacha."

Nje kina mama walikuwa wameanza kuosha nondo za Jukwaa la Tisa kwa majivu na sabuni, unazisikia zinavyolia, rundo zima.

Injinia aliichukua ile karatasi yake nzuri. Nilidhani ataisaini tu, kwa hasira. Akaigeuza upande mweupe, akaiweka sawa mbele yake.

"Mtanikamata?" nikauliza.

"Sijui, mzee. Labda. Mimi kwanza nitajieleza." Sauti yake ilikuwa imepwaya. "Miaka kumi na moja. Umekaa wapi na wapi?"

"Mimi sikai. Napita."

"Umepita wapi, basi. Moja moja. Na nani ulimwonyesha."

Ni swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu. Niliishi kwa kutokuulizwa. Nilianza kuwaona: majukwaa, madaraja, hospitali moja ya ghorofa nne ambayo wodi ya wazazi iko juu kabisa, shule yenye kengele ya rimu ya gari. Watu wanavyonishukuru. Chupa zinavyopita mkono kwa mkono.

Juu ya meza tofali langu la asubuhi lilikuwa palepale, nondo imechomoza urefu wa kiganja, na kisemeo hakuna aliyekumbuka kukitoa.

"Nimeshika," ilisema. "Asilimia tisini na saba."

Bi Sijaona alisogea kutoka mlangoni, akakibandua, akakiweka chini kifudifudi.

Nikaomba maji. Nikanywa, nikaanza na Pangani.